Kabati tupu usiku: maduka ya bunduki ya Marekani yanavyojikinga na wezi

Ukipita usiku mbele ya duka la bunduki la Marekani linaloendeshwa na watu makini, ukachungulia dirishani, utakuta makabati ya vioo matupu. Hakuna bastola hata moja. Milango ya makabati imeachwa wazi makusudi na taa inawaka juu yake, ili anayechungulia aone kabisa kwamba hapa hakuna cha kuchukua. Bastola zote ziko nyuma, ndani ya sefu au chumba cha sefu, na zitarudi kabatini asubuhi. Kuzitoa na kuzirudisha kila siku ni kazi ya kuchosha. Lakini ndiyo kinga kubwa kuliko zote nitakazozitaja hapa. Kamera, king'ora na nondo za dirishani ni wasaidizi wake.

Sababu ni muda. Wezi wa bunduki hawaji kukaa. Wanavunja mlango au wanaubomoa kwa gari la wizi, wanapasua vioo vya makabati kwa nyundo, wanajaza mifuko na kuondoka ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla polisi hawajafika. Wanachokitafuta zaidi ni bastola, kwa kuwa ni ndogo, inafichika na inapata mnunuzi haraka mtaani. Mwaka 2016 ATF, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia silaha, ilihesabu matukio 558 ya kuvunjwa kwa wafanyabiashara wenye leseni, na silaha 7,488 zilizoibwa. Gawanya mwenyewe: ni kama silaha 13 kwa tukio, mzigo unaoingia kwenye begi moja au mawili. Duka lililoacha makabati yamejaa linamwachia mwizi dakika mbili tu za kazi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atadhani sheria ya Marekani inamlazimisha mwenye duka kuzifungia silaha usiku. Sheria ya serikali kuu hailazimishi. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 inamtaka awe na leseni na atunze kumbukumbu. Ikitokea silaha imeibwa au haionekani, anatakiwa kutoa taarifa kwa ATF na kwa polisi wa eneo lake ndani ya saa 48 tangu alipogundua. Anatakiwa pia awe na vifaa vya kufungia silaha ambavyo wateja wanaweza kuvipata. Ila alaze bastola zake kwenye sefu au aziache chini ya kioo, hilo serikali kuu imemwachia mwenyewe. ATF hutoa kijitabu cha ushauri, na ushauri ni mzuri, lakini ushauri hauna faini. Bunge nalo limeizuia ATF, kupitia vifungu vya bajeti vilivyoanza miaka ya 2000, isimlazimishe mwenye duka kuhesabu stoki yake kila mwaka. Naona hilo ni pengo kubwa, na wanaolipia si wenye maduka peke yao.

Majimbo machache yamejaribu kuliziba. California ndiyo iliyoandika kwa undani kuliko wengi, na hata duka lililo jimbo jingine lingefaidika kuisoma. Duka likifungwa, kila silaha lazima iwe katika hali mojawapo kati ya tatu: iwe ndani ya jengo lililoimarishwa kwa vipimo vilivyotajwa, au ipitishiwe fimbo au waya wa chuma kigumu wenye unene usiopungua inchi 1/8, yaani milimita 3 na kidogo, kwenye pete inayozunguka kifyatulio, na waya huo ufungwe kwa kufuli ambalo mkasi wa kukatia chuma haulifikii, au iwe kwenye sefu au chumba cha sefu kisichoshika moto. Vipimo vya jengo navyo vimetajwa kimoja kimoja. Mlango wa nje uwe wa chuma, wenye komeo la kufuli pamoja na kitasa cha kufuli. Mlango ukiwa na kioo chenye upana wa inchi 5 au zaidi, kiwekewe nondo za nusu inchi au wavu mzito wa chuma. Madirisha yote yawe na nondo, na nafasi kati ya nondo na nondo isizidi inchi 6. Matundu ya hewa na ya viyoyozi nayo yazibwe kwa nondo au wavu, au yaunganishwe na king'ora. Tangu Januari 2024 maduka ya huko yanatakiwa pia kuwa na kamera zinazorekodi, na picha zihifadhiwe angalau mwaka mmoja.

Vipimo hivi ni kiwango cha chini, na kiwango cha chini hupitwa. Chukua huo waya wa inchi 1/8. Mkasi wa mkono wa kukatia chuma, ule unaouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, unaukata kwa mbano mmoja. Duka makini hutumia waya wa inchi 3/8 au fimbo ya chuma kilichokomazwa. Kisha bastola na raifali nyingi za siku hizi zina fremu ya plastiki ngumu, na pete ya kifyatulio ni plastiki hiyohiyo: mwizi hana haja ya kukata waya, anaivunja pete na kuondoka na silaha. Kwa hiyo waya upitishwe ndani ya mwili wa silaha, pale risasi zinapoingilia au maganda yake yanapotokea, ambako lazima akate chuma chenyewe. Raifali za bolti, kile kipande cha chuma kinachochomoka na kinachoiziba risasi kwa nyuma, zina njia rahisi zaidi: jioni chomoa bolti zote, zipange kwenye trei yenye namba, funga trei ndani ya sefu. Raifali isiyo na bolti haipigi.

Kosa jingine liko ukutani. Rafu ya raifali hufungwa waya mnene na kufuli zuri, halafu rafu yenyewe imeshikiliwa na skrubu nne za mbao kwenye ukuta wa jipsamu. Mtaimbo mmoja unaing'oa rafu nzima pamoja na waya wake. Rafu ishikwe na boliti zinazopenya mpaka upande wa pili wa ukuta, zenye bamba la chuma nyuma, au zilizozama kwenye zege.

Sasa sefu, mahali ambapo fedha nyingi hupotea kwa kutosoma lebo. Makabati mengi yanayouzwa Marekani kwa jina la sefu za bunduki yana lebo ya RSC, maana yake ni chombo cha usalama cha nyumbani. Katika jaribio la msingi la daraja hilo, sefu inatakiwa kuvumilia dakika 5 za mtu anayeishambulia kwa zana za mkono. Chuma chake mara nyingi ni cha geji 12, chini ya milimita 3. Kwa nyumba yenye bunduki tatu inatosha. Kwa duka lenye bastola mia mbili haitoshi, maana mwizi akija na grainda anaufungua ubavu wake bila hata kuugusa mlango. Sefu za biashara zina lebo ya TL-15 au TL-30: dakika 15 au 30 za kushambuliwa kwa zana za mkono na za umeme, na saa ya jaribio huhesabu ule muda tu ambao zana inagusa chuma. Uliza swali moja zaidi: jaribio lilifanywa kwenye mlango peke yake, au kwenye pande zote sita? Lebo yenye x6 mwishoni ndiyo ya pande zote. Wala usichanganye moto na wizi. Lebo inayosema sefu inavumilia moto saa nzima inazungumzia jipsamu iliyopangwa ndani yake, na jipsamu haimzuii mtu mwenye mtaimbo.

Duka kubwa hujenga chumba cha sefu. Milango yake ina madaraja: M ni dakika 15, daraja la 1 ni dakika 30, la 2 ni saa moja, la 3 ni saa mbili. Kosa la kawaida ni kununua mlango wa daraja la 2 na kuupachika kwenye ukuta wa matofali yenye matundu, chini ya dari ya mbao. Mwizi hataugusa mlango. Atapitia darini. Kuta zijazwe zege na nondo, dari iwe ya zege au bamba la chuma, na kila bomba au tundu la kiyoyozi linaloingia humo liwe dogo kiasi kwamba mtu hapiti.

Jengo lenyewe lina hatari zake, na kubwa ni gari. Vioo vya mbele vya maduka ya Marekani vinatazama maegesho, na gari lililoibwa saa moja iliyopita ni nyundo ya tani mbili. Kinga yake ni nguzo za chuma: bomba la inchi 4 hadi 6 lililojazwa zege, likachimbiwa ardhini kama mita moja ndani ya msingi wa zege, na nguzo moja isiwe mbali na nyingine zaidi ya futi 4 hivi, gari lisipenye. Nafasi isipungue inchi 36 kwenye njia ya watu, kwa kuwa kiti cha magurudumu lazima kipite. Nguzo iliyofungwa kwa boliti juu ya sakafu ya maegesho ni pambo. Gari linailaza chini. Kipo kipimo rasmi cha nguzo za mbele ya maduka, ASTM F3016, ambacho hulirusha gari la pauni 5,000 kwa maili 10, 20 au 30 kwa saa. Mwulize fundi nguzo zake zimefaulu kwa kasi ipi. Kama maegesho yananyooka mita hamsini mbele ya mlango wako, kasi ya chini haikusaidii.

Hatari ya pili ni jirani. Duka likiwa kwenye safu ya maduka, ukuta unaolitenganisha na saluni ya pembeni mara nyingi ni mbao nyembamba na jipsamu pande mbili. Mwizi anavunja saluni isiyo na king'ora, anakata jipsamu kwa kisu, na anatokea kwako bila kugusa mlango uliowekewa vihisi. Dawa si ghali: vua jipsamu ya upande wako, funga plaiwudi ya inchi 3/4 na wavu mzito wa chuma juu ya mbao za ukuta, kisha rudisha jipsamu. Paa nalo lifanyiwe vivyo hivyo kwenye madirisha ya juu na vifuniko vya viyoyozi.

Kioo kinahitaji maneno machache tu. Kioo kigumu cha kawaida hupasuka vipande vidogo na kumwachia mtu njia. Cha tabaka mbili chenye plastiki katikati hupasuka lakini kinabaki kimesimama. Filamu ya kubandika inasaidia pale tu kingo zake zilipogandishwa kwenye fremu, vinginevyo kioo kizima kinaingia ndani kama zulia.

King'ora kinafaa kulingana na mahali saa inapoanza kuhesabu. Duka lenye kihisi cha mwendo katikati ya chumba peke yake linapata habari wakati mwizi tayari yuko kabatini. Vihisi viwe kwenye ngozi ya jengo: milangoni, kwenye vioo, na vya mtetemo kwenye kuta na paa, ili mlio uanze pale patasi ya kwanza inapogusa ukuta. Kisha fanya hesabu. Kama polisi wanafika kwa dakika 10, basi kuanzia mlio wa kwanza mpaka mkono wa mwizi kufika kwenye bastola lazima zipite zaidi ya dakika 10. Ukuta unampotezea tatu, wavu wa chuma mbili, sefu ya TL-15 nyingine kumi na tano. Makabati yaliyojaa bastola yanaifuta hesabu yote hiyo.

Mawasiliano ya king'ora yaende kwa njia mbili, waya na mtandao wa simu, na wakala anayeyapokea achukulie kukatika kwa mawasiliano kama tukio. Mashine ya kurekodi kamera ifungiwe mbali na kaunta, na nakala ipelekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni, maana wezi huichukua. Baadhi ya miji, kama Salt Lake City, haitumi polisi kwa sababu ya king'ora kitupu. Inataka mtu au kamera ithibitishe kwamba kuna uvunjaji. Mwenye duka aijue kanuni ya mji wake kabla ya kuhitaji msaada. Na kuna hila ya zamani: mwizi anagonga mlango, king'ora kinalia, anajificha, mwenye duka anakuja, haoni kitu, anarudi kulala. Ikitokea mara ya pili na ya tatu usiku huohuo, anakizima akidhani kimeharibika. King'ora kikilia mara tatu usiku mmoja, duka lipate mtu wa kukaa nalo mpaka asubuhi.

Kuna pia mashine za ukungu zinazojaza chumba moshi mzito usiodhuru kwa sekunde chache. Nazipenda kwa sababu zinamfanyia mwizi kile anachokiogopa zaidi: zinamchelewesha.

Mchana wizi una sura nyingine. Mteja anaomba bastola mbili azilinganishe, kisha anaomba ya tatu kutoka kabati la nyuma, muuzaji anageuka. Kanuni ni silaha moja kwa mteja mmoja. Ya kwanza irudi kabatini na kabati lifungwe kabla ya ile ya pili kutoka. Muuzaji akague chemba, pale risasi inapokaa, kabla ya kumkabidhi mteja na akague tena anapoipokea. Yapo maduka yanayoshika kitambulisho cha mteja muda wote silaha iko mkononi mwake, na ni utaratibu mzuri. Kufuli za makabati ya vioo, zile za meno zinazoteleza, aghalabu huja na ufunguo unaofungua makabati ya duka jingine pia. Zibadilishwe zote, na funguo zikae mwilini mwa muuzaji, si kwenye droo. Risasi zisikae mahali ambapo mteja mwenye silaha mkononi anaweza kuzifikia. New York imeliandika hilo katika sheria: risasi zitengwe na silaha, na mteja asizifikie.

Wizi wa ndani ndio unaochelewa kugundulika, na mbinu yake ya kawaida ni boksi tupu. Kila silaha huja na boksi lenye lebo ya namba yake, ileile iliyochongwa kwenye chuma. Anayehesabu stoki kwa kusoma lebo za maboksi atapata hesabu kamili miezi sita mfululizo huku ndani ya boksi moja mna hewa. Namba isomwe kwenye chuma cha silaha yenyewe. Watu wawili wahesabu, mmoja anasoma, mwingine anatia alama daftarini, na wasiwe walewale kila mara. Nashauri bastola zihesabiwe kila jioni zinapoingia sefuni, idadi tu, ni kazi ya dakika tano, na namba zote zisomwe kila mwezi. Mfanyakazi akiacha kazi, namba ya siri ya sefu na ya king'ora zibadilishwe siku hiyohiyo.

Risasi zina tabu yake. Hazina namba, na tangu 1986 sheria ya serikali kuu haimlazimishi muuzaji kuandika nani alinunua risasi za kawaida. Taarifa ya saa 48 inahusu silaha, haihusu risasi. Zikiibwa, ushahidi pekee ni hesabu yako na namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi. Iandike namba hiyo mzigo unapoingia. Uzito unasaidia kidogo: kasha la risasi 1,000 za milimita 9 lina zaidi ya kilo 12, mwizi wa usiku habebi mengi. Kinachopotea mchana ni maboksi ya 50 yanayoingia mfuko wa koti, na yale ya .22. Yawekwe nyuma ya kaunta au ndani ya kizimba cha wavu kinachofungwa, pakavu na pasipo joto.

Baruti ya wanaojitengenezea risasi ni habari tofauti kabisa, na hapa nia njema inaweza kuua. Mtu anafikiri: kitu hatari, basi kifungie kwenye sefu ya chuma. Hapana. Baruti isiyo na moshi ikishika moto mahali pa wazi huungua kwa kasi. Ikishika moto ndani ya chuma kilichobanwa, shinikizo linapanda mpaka sefu inapasuka kama bomu. Kabati lake ni la mbao za unene wa inchi 1, lenye kiungo kimoja dhaifu kinachoachia mapema ili gesi itoke. Viwashio vya risasi vikae kabati jingine, mbali na baruti. Ulinzi wa wizi utokane na chumba chenye mlango wa kufuli, si na kabati.

Mzigo ukiwa njiani nao una wenyewe. Tangu 2016, silaha ikipotea ikiwa safarini kati ya wenye leseni, aliyeituma ndiye anayetoa taarifa. Boksi la nje lisiwe na jina la kiwanda wala neno lolote la bunduki. Likifika, lifunguliwe siku hiyohiyo, namba ilinganishwe na ankara, iingie daftarini. Sheria inataka ingizo hilo kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha.

Na kama duka limevunjwa licha ya yote, mwenye duka asiingie mpaka polisi wahakikishe hamna mtu ndani ya jengo. Asiguse vioo. Polisi wakimaliza, daftari litoke, kila silaha iliyobaki isomwe namba kwenye chuma, na inayokosekana ijulikane kwa kulinganisha, si kwa kukumbuka. ATF ipigiwe simu, kisha ijazwe fomu namba 3310.11. Mchukuaji wa silaha za mwenye leseni anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10, lakini kesi inaanza na orodha hiyo. Polisi huziingiza namba kwenye kanzidata ya FBI ya vitu vilivyoibwa, na kuanzia hapo bastola ikikamatwa barabarani jimbo lolote, askari akiandika namba yake, jibu linakuja. Jibu halitakuja kama muuzaji aliyepokea mzigo miezi minane nyuma alisoma sifuri akaandika herufi O.